Mwanangu, usirudishe kabureta kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Salimu,

Huku hatujambo sote. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama baridi ya Arusha bado inakubana kifua. Video ya ile pikipiki yako ya Yamaha XT600 nimeipata, nimeitazama mara nne. Injini inazunguka, inapiga chafya moja kwenye manifoldi, inarudisha teke, kisha kimya. Halafu unaniambia umeshaongeza mafuta kwenye programu mara sita, na kesho unang'oa ECU yote, hiyo kompyuta ndogo inayopanga mafuta na cheche, urudishe kabureta. Subiri, baba. Nisome mpaka mwisho kabla hujashika spana.

Kilichonishtua zaidi ni laptopu iliyo nyuma yako. Ukipiga selfu, namba ya mizunguko inasoma 0, kisha 240, kisha 1,100, kisha 0 tena. Hakuna selfu ya kuizungusha silinda moja ya cc 595 kwa mizunguko 1,100 kwa dakika. Maana yake ECU haijui krenki, ule mhimili unaosukumwa na pistoni, iko wapi. Ikiwa haijui, hata uipe mafuta ya pipa zima itayamwaga tu, na plagi itawaka wakati si wake. Hilo teke linatoka hapo. Teke likizidi, itavunjika klachi ya selfu, na kwa pikipiki ya zamani namna hiyo sijui utaipata wapi.

Sasa tuangalie gurudumu la meno ulilochonga, lile linalozunguka na krenki mbele ya sensa. Lina nafasi za meno 12, jino moja umeling'oa, kwa hiyo kutoka jino hadi jino ni nyuzi 30 na kwenye pengo ni nyuzi 60. ECU haina macho. Inachopima ni muda: jino limepita, jingine limepita, na muda ukirefuka karibu mara mbili inasema pengo ni hili, inaanza kuhesabu upya. Fikiria basi pistoni pana ya milimita 95 ikipanda kubana hewa. Krenki inalemewa, inapunguza mwendo mpaka inataka kusimama. Pale juu nyuzi 30 zinaweza kuchukua muda kama wa nyuzi 60 za mahali pengine, na ECU inaona pengo ambalo halipo. Injini ya silinda nne haisumbui hivyo, mzigo wake umegawanyika na krenki inakwenda kwa ulaini zaidi. Silinda moja kubwa ndiyo yenye tabia hii, na mafundi wengi wanahangaika nayo wakidhani ni mafuta.

Kesho asubuhi chomoa soketi ya injekta na ya koili ili pasiwe na petroli wala cheche. Fungua plagi, itoe kabisa, kisha piga selfu ukiangalia namba. Bila plagi hakuna mgandamizo, krenki itazunguka kwa ulaini. Namba ikitulia, halafu ukirudisha plagi ikaanza kuruka tena, ugonjwa ndio huo niliokueleza. Hapo sogeza gurudumu ili pengo lipite mbele ya sensa pistoni ikiwa chini kabisa, mbali na pale inapolemewa, kisha ubadilishe na nyuzi kwenye programu zifuate. Ukipata nafasi ya kuchonga upya, chonga la meno 36 lenye pengo moja, maana jino likiwa dogo, tofauti ya mwendo kati ya jino na jirani yake nayo inapungua.

Namba ikiruka hata bila plagi, rudi kwenye sensa. Ile yako ni ya sumaku yenye waya mbili, na waya hizo zina upande. Ukizigeuza, injini inaweza hata kushika kidogo, lakini taimingi inatangatanga. Pima uwazi kati ya sensa na jino, milimita moja hivi au pungufu kidogo. Waya zake zisokote pamoja, uzipitishe mbali na waya ya plagi. Na plagi yenyewe iwe ya NGK yenye herufi R, ndiyo yenye rezista ndani. Isiyo na rezista inapigia ECU kelele kila inapowaka.

Betri nayo usiisahau. Uliniambia inasoma volti 12.6, lakini hiyo ni ikiwa imelala. Weka mita kwenye soketi ya ECU yenyewe, piga selfu, usome. Ikishuka chini ya 10, tafuta betri nyingine kabla ya kugusa chochote, kwa sababu injekta kwenye volti ndogo inachelewa kufunguka na koili inatoa cheche dhaifu.

Hapa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Ulikuwa darasa la tatu, nikaletewa pikipiki iliyobadilishwa ECU, haiwaki. Siku mbili nzima nilikuwa nachezea namba za mafuta. Siku ya tatu nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa athi wa ECU, ule wa kurudisha umeme kwenye hasi, kijana akapiga selfu. Ikasoma volti 1.4, wakati hata nusu volti ingekuwa nyingi. Nilifungua boliti ya athi, chini ya ringi kulikuwa na rangi nyeusi ya chesesi, nzima, inang'aa. Niliisugua kwa msasa mpaka chuma cheupe kikatokea, upana wa shilingi mia. Iliwaka kwa mpigo wa pili. Mwenyewe alikuwa ameshalala njaa siku mbili bila kazi, na nilijisikia vibaya sana. Kwa hiyo athi ya ECU yako ipeleke moja kwa moja kwenye betri.

Koili. Kama bado umefunga ile iliyokuja na pikipiki, ibadilishe. Ilikuwa ya CDI, mfumo wa cheche unaohifadhi umeme kwenye kapasita, na koili hiyo haikutengenezwa kuhifadhi umeme ndani yake. Kisha washa swichi bila kupiga selfu, uishike koili mpya baada ya dakika moja. Ikiwa ya moto, umegeuza mpangilio wa cheche kwenye programu. Zima haraka.

Mambo ya mafuta yaje baada ya hayo yote. Angalia sensa ya mkono wa mafuta: ukiachia isome 0, ukivuta mwisho isome 100. Ikisoma 90 wakati umeachia, ECU inadhani unasafisha injini iliyolewa petroli na inakata mafuta kabisa. Sensa ya joto asubuhi, injini ikiwa baridi, isome sawa na hewa ya chumba. Ikisoma hasi 40, waya umekatika, na plagi yako inaoga petroli kila siku.

Na kwa kuwa umeshamwaga petroli mara sita, toa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, mwaga oili yote, weka mpya, kabla injini haijawaka. Kaa na mtungi wa kuzimia moto karibu, bomba lako la petroli lina presha ya bari 3.

Kesho jioni nipigie. Kabla ya hapo nitumie picha ya namba ulizosoma bila plagi, na nyingine ukiwa umeirudisha. Nitakuwa kibandani mpaka saa kumi na mbili. Nimempa dereva wa basi la asubuhi kifurushi chako, ndani kuna mita yangu ya njano, ile yako inadanganya.

Mama yako