Risala ya Klabu ya Kiingereza cha Kuzungumza kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo!

Karibu sana, Mheshimiwa. Tunajua msongamano wa Barabara ya Jogoo haumjali mkubwa wala mdogo, kwa hivyo kufika kwako ni heshima tosha. Klabu yetu ni ya Kiingereza, ila risala tumeiandika kwa Kiswahili ili kila mzazi aliyeketi hapa awe shahidi.

Klabu ilianza mwaka wa 2019 chini ya mjakaranda ule pale. Mwaka wa 2020 korona ikafunga shule, 2021 tukarejea, na tangu hapo ni kusonga mbele tu. Tumeshika nafasi ya tatu katika midahalo ya zoni, jambo lisilowahi kuonekana katika historia ya shule hii. Aidha, tunaendesha kituo cha redio kinachosikika kila Ijumaa hadi kantini. Spika ni ya kanisa jirani, nasi tunawashukuru.

Mheshimiwa, katika KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, stadi za mazungumzo zina alama 30 kati ya 60 za karatasi ya kwanza ya Kiingereza, lakini mtahiniwa huzijibu kwa kalamu, kimya kabisa. Mtu anaweza kuzoa alama hizo zote na bado akababaika akiulizwa jina lake kwenye mahojiano ya kazi. Ndiyo maana mwalimu wetu alianza kutufundisha kwa miradi. Muhula uliopita tuliuliza kwa nini bei ya sukuma wiki ya Marikiti si ile ya langoni petu. Tuliwahoji akina mama wa soko kwa Kiswahili na Sheng, kisha tukalazimika kubishana, kupanga na kuwaeleza wageni majibu kwa Kiingereza, maswali yao yakiwamo. Mwalimu hamkatizi anayezungumza; huandika makosa pembeni, na baadaye kila mmoja hujisikiliza na kujisahihisha. Mwanafunzi aliyekuwa akijificha nyuma ya dawati sasa ndiye mtangazaji wetu.

Lakini kujisikiliza kunahitaji utulivu, na hapo ndipo tunapokwama. Tunafanyia mazoezi bwaloni, sufuria zikigongana, na kila tunachorekodi kina sauti ya mpishi akiitisha chumvi. Tukihamia darasani, jirani wa upande wa pili wa ukuta wa mbao wanalalamika, na wana haki.

Chumba chetu kipo, Mheshimiwa. Wazazi walichanga mawe na saruji, kuta zikafika kwenye linta. Kilichobaki ni paa, dari ya kupunguza kelele za mvua, mlango, madirisha na umeme. Kwa sasa wanaokitumia ni korongo.

Mgeni wetu wa 2022 aliweka jiwe la msingi na kusema paa lingefuata kabla ya mwaka kuisha. Mgeni wa 2024 alisikitika mno kuona hakuna paa, akaahidi mabati, nasi tukampigia makofi ya kilo. Msaidizi wake alituachia nambari ya simu, tukaipiga hadi ikawa haipatikani. Hatuwataji majina, kwani ni watu wema na pengine shughuli ziliwazidi. Methali unayoitarajia hapa hatutaisema. Jiwe la msingi tulilisafisha jana, na tungefurahi ukilipitia ukielekea kwenye chai.

Mtaala mpya umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi, na Gredi ya 10 tayari wako nasi. Hao nao tuwapeleke bwaloni?

Pamoja na chumba, tunaomba vinasa sauti vinne. Simu haziruhusiwi shuleni, nasi hatuombi ziruhusiwe. Kifaa cha mwalimu ni kimoja na hakitoshi makundi yote.

Hatuombi ahadi, Mheshimiwa. Ukiweza mabati peke yake, tuambie mabati peke yake, na siku yatakayofika. Makadirio yamo katika bahasha ya kaki iliyo mezani mbele yako. Fundi aliyeyaandika ameketi safu ya nyuma, mwenye koti la bluu, na amesema atakusubiri.

Asante sana.

Katibu, kwa niaba ya klabu