Ukipasuliwa ngiri, uliza kwanza, kisha udai karatasi yako

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo wanaume wengi wa pwani hulisemea pembeni, na wengine wamekufa nalo. Nazungumzia ngiri, ule uvimbe wa kinena ambao huku kwetu Pangani tunauita mshipa. Nimepasuliwa mara mbili, upande uleule wa kulia, na naamini mara ya pili haikuwa lazima.

Mimi ni mvuvi. Nilianza kwenda baharini nikiwa na miaka 13, na sasa nina 61. Siendi tena maji makuu. Nawashonea vijana nyavu zao na ni katibu wa kikundi chetu cha usimamizi wa pwani, BMU. Uvimbe wangu ulianza mwaka 2013, mdogo kama yai la kuku, ukitokeza jioni baada ya kuburura chombo pwani na kupotea usiku nikilala. Nilikaa nao karibu mwaka mzima. Nilijifunga kitambaa, nikanywa mizizi, nikanunua dawa ya unga kwa mtu wa mnadani aliyenihakikishia kuwa itakausha mshipa. Hakuna dawa ya kunywa inayoziba ngiri, iwe ya miti au ya duka. Ukuta wa tumbo umeachia mahali, utumbo au mafuta ya tumbo yanasukuma kutokea pale. Tundu ni tundu, na kitambaa hakilizibi.

Wenzangu walidhani ni busha, kwa kuwa huku pwani matende na mabusha tumeyazoea. Aliyenitoa wasiwasi ni tabibu kijana wa zahanati. Wakati huo uvimbe ulikuwa umeanza kushuka kwenye korodani. Alifunga dirisha, akaweka tochi ndogo nyuma ya uvimbe, akatazama. Busha ni maji, mwanga hupita na ngozi huwaka nyekundu kama kanga iliyofunika chemli. Wangu ulikaa giza. Akaniambia nilale chali, ukarudi ndani wenyewe. Nikasimama, nikakohoa, ukagonga kidole chake. "Mzee wangu, hii ni ngiri," akasema, "na wa kuishughulikia ni mpasuaji."

Nikaenda hospitali ambayo sitaitaja. Ilikuwa mwaka 2014. Nilipewa tarehe, nikalipa, nikafunga kula, na aliyenipasua nilionana naye nikiwa nimeshalala mezani. Hakuna aliyeniambia atafanya nini wala kwa nini, na mimi sikuuliza, maana nilidhani kumuuliza daktari ni kumvunjia adabu. Nilishonwa, nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Miezi ya kwanza nilihisi kama kuna kamba imekazwa ndani ya kinena kila nikinyoosha mgongo. Mwaka 2017, tukipandisha boti ya mashine ufukweni na mawimbi ya kusi, nilisikia kitu kimeachia palepale. Nikajua kabla sijapeleka mkono.

Safari hii nilimpata daktari bingwa wa upasuaji aliyevuta kiti akakaa. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mara ya kwanza walikufanyia nini? Walikuwekea wavu, kile kipande cha kuimarisha ukuta wa tumbo, au walishona kwa uzi peke yake?" Nikatoa karatasi yangu ya kuruhusiwa, niliyoitunza kama hati ya shamba. Ilikuwa na tarehe, dawa za maumivu, na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kurekebisha ngiri. Basi. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ni tabibu, alikwenda kule kutafuta faili, halikuonekana.

Wasomaji waelewe kwa nini swali lile lilikuwa zito. Palipokwisha kupasuliwa pana kovu, na ndani ya kovu ipo mishipa ya fahamu na mishipa inayokwenda kwenye korodani. Kama mara ya kwanza wavu uliwekwa kwa mbele na ukashindwa, mara ya pili ni afadhali daktari apitie nyuma ya ukuta wa tumbo, ambako hakujaguswa, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Bingwa wangu hakuwa na vifaa hivyo pale alipo; angenipa rufaa. Kama hakukuwa na wavu, angeweza kuifanya mwenyewe kwa mbele. Kwa hiyo mtu mzima, msomi, alilazimika kubahatisha kilichomo tumboni mwangu kwa sababu mwenzake hakuandika mistari mitatu. Alipofungua alikuta uzi tu. Kingo zilikuwa zimevutwa zikakutanishwa kwa nguvu, na nyama ilikuwa imechanika pembeni mwa mshono.

Hapo, Mhariri, ndipo fundi wa nyavu alipomwelewa daktari. Jarife likipasuliwa na mwamba, anayejifunza huvuta kingo mbili za tundu akazifunga pamoja. Ukilitandaza utaona macho ya jirani, yaani vitundu vya wavu, yamejikunja na kukaza, na safari inayofuata litachanika hapo hapo pembeni, si kwenye fundo. Fundi hukata ile sehemu iliyochoka hadi afikie macho mazima, akaunganisha kipande kipya kilicho kikubwa kuliko tundu, na wavu ukakaa bila kuvutana. Daktari alinionyesha wavu wake ungali ndani ya pakiti: kipande cheupe chepesi, kirefu kidogo kuliko kiganja changu, hakina fundo hata moja, macho yake madogo lakini yanaonekana. Akasema hautaziba tundu tu, utalipita pande zote, na nyama itaota kupitia kwenye yale macho mpaka wavu na mwili viwe kitu kimoja. Nikamuuliza kwa nini macho yasiwe madogo zaidi, nikidhani ndiyo yangeshika vizuri. Akajibu kuwa yakiwa madogo mno nyama haipiti vizuri na kovu linakuwa gumu. Sijawahi kuelezwa jambo la mwili wangu nikalielewa namna ile.

Nisiwaonee wanaotumia uzi. Daktari wa Kiitaliano Edoardo Bassini alianza kushona ngiri kwa utaratibu mjini Padua katika miaka ya 1880, na kwa karibu miaka 100 dunia ilimfuata. Kule karibu na Toronto, Canada, ipo hospitali ya Shouldice iliyoanzishwa mwaka 1945, inashughulika na ngiri tu, na hadi leo hushona tabaka juu ya tabaka, mara nyingi bila wavu, na matokeo yao yanasifiwa. Lakini wao wanafanya hiyo kazi kila siku. Wavu uliowekwa bila kuvutana ulienezwa na Irving Lichtenstein wa Los Angeles katika miaka ya 1980, na miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2018 inaupendekeza kwa watu wazima wengi, ikisema uzi peke yake ubaki kwa asiyetaka wavu baada ya kuelezwa, au pale ambapo wavu haupatikani. Mimi sikuelezwa, wala sikuambiwa kama upo au haupo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kovu lenyewe.

Watu husema wavu ni wa matajiri. Wenzetu wa Uganda walilijibu hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wanaume 302 wa mashariki mwa nchi hiyo walirekebishwa ngiri, nusu kwa wavu wa dukani wa bei kubwa, nusu kwa kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kilichokatwa na kuchemshwa kwa mvuke kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja, aliyerudiwa na ngiri katika kundi la chandarua alikuwa mtu mmoja tu. Tafadhali asije mtu kubeba chandarua chake cha kitandani kwenda nacho hospitali. Kile kilichaguliwa na kupimwa na wataalamu. Nasema tu kwamba umaskini si sababu ya kutosha ya kunishona kama gunia.

Sasa kuhusu mkono wa kuchagua. Kijiweni kwetu tukisikia mtu anakwenda kupasuliwa, tunamuuliza hospitali gani, ina ghorofa ngapi. Tungemuuliza nani atakupasua, na amefanya ngapi mwaka huu. Mtoto wa kaka yangu alinisomea utafiti wa Sierra Leone, wa mwaka 2021, ambako matabibu wasio na shahada ya udaktari, lakini waliofunzwa upasuaji, walilinganishwa na madaktari kwa kazi hii hii ya kuweka wavu. Baada ya mwaka, waliorudiwa na ngiri kwa matabibu hawakufika 1 kwa kila 100, na kwa madaktari walikaribia 7. Siwashushi madaktari. Nahodha mwenye cheti hanipi raha kama nahodha aliyeupita mlango wa mto mara elfu, na mwenye vyote viwili ndiye bora.

Na si kila mtu anafaa kazi ileile. Ngiri kubwa iliyoshuka korodani, ya mzee mwenye moyo dhaifu, inaweza kufanywa kwa mbele bila kulazwa usingizi. Mwenye ngiri pande zote mbili, au iliyorudi baada ya kupasuliwa kwa mbele, anaweza kufaidika na matundu madogo, na hurudi kazini mapema, ila mara nyingi hulazwa usingizi kamili na mkono wa daktari lazima uwe umeizoea hasa. Mtoto mwenye ngiri ya kinena hufungwa kifuko cha ngiri tu, hawekewi wavu. Ya kitovu kwa mtoto mchanga mara nyingi hufunga yenyewe kabla hajafikisha miaka mitano, msikimbilie kisu wala sarafu ya kufungia.

Wanawake nao wanasahaulika. Shemeji yangu alikuwa na kivimbe kidogo kama tunda la ukwaju chini kidogo ya mkunjo wa paja, akaambiwa ni tezi, akapewa vidonge mara tatu. Ilikuwa ngiri ya paja, ambayo huwapata zaidi wanawake, na tundu lake ni jembamba, kwa hiyo utumbo ukiingia hunaswa kwa urahisi. Alinusurika kwa sababu binti yake alikataa kuondoka hospitali mpaka mama akapimwa na mpasuaji.

Mwenzetu mmoja hakunusurika. Ilikuwa mwaka 2008, baharia wa chombo tulichokuwa nacho pamoja, mkazi wa ng'ambo ya mto. Uvimbe wake ulikuwa ukirudi ndani miaka yote. Usiku ule haukurudi. Ulikuwa mgumu, ngozi imekaza, hataki kuguswa. Alitapika mpaka nyongo, hakupata choo wala kutoa upepo. Wazee walimkanda kwa maji moto. Kulipokucha tukamvusha kwa mtumbwi, tukatafuta gari la kwenda Tanga, karibu kilomita 50, na alipofunguliwa utumbo ulikuwa mweusi. Alikufa siku ya tatu. Upo utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliosema mwanaume ambaye ngiri haimsumbui anaweza kusubiri chini ya uangalizi, na naamini ni kweli kwao, kwa kuwa gari la wagonjwa linafika mlangoni. Mtu wa kwetu apige hesabu ya mto, barabara na usiku kabla hajaamua kusubiri.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye uvimbe: ukikaa mbele ya daktari, muulize kwa heshima zote. Ngiri yangu ni ya aina gani? Utatumia uzi au wavu, na kwa nini kwangu mimi? Wewe mwenyewe umefanya ngapi, na wangapi wamekurudia? Utanichoma ganzi ya wapi? Wavu upo hapa au nitaambiwa niununue nje, na bima yangu inaulipia? Muulize pia kuhusu maumivu ya baadaye, maana kati ya watu 100 wanaopasuliwa, 10 hadi 12 hubaki na maumivu yanayodumu, na mtu anapaswa kulijua hilo kabla hajapanda mezani. Mimi bado nasikia mchomo mdogo upepo wa kaskazi ukiingia, lakini niliambiwa mapema, kwa hiyo haunitishi. Daktari wangu wa pili hakukasirika kwa swali hata moja. Wako akikasirika, una haki ya kutafuta mwingine, ilimradi ngiri haijanasa.

Na kwa Wizara ya Afya na waganga wafawidhi, ombi langu ni dogo. Kila anayepasuliwa ngiri apewe karatasi yenye upande, aina ya ngiri, njia iliyotumika, wavu au uzi, ukubwa wa wavu, tarehe, na jina la aliyepasua. Haihitaji kompyuta. Tunaandika kwenye daftari la BMU kila chombo kilichotoka, nani nahodha na kimerudi na kilo ngapi, na hatujasomea.

Yangu ya mara ya pili ninayo. Daktari aliiandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, akaisoma mbele yangu kabla sijavaa shati. Naiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya chombo, na nimewaonyesha wanangu mfuko ulipo.

Mvuvi na katibu wa BMU,
Pangani, Tanga