Mhariri, tupigieni mchongoko picha ya ubavuni

Mhariri,

Mimi ni fundi simu na redio hapa Mwanga, Kigoma, na gazeti lako nalisoma kila linaponifikia, hata likiwa la juzi. Nina ombi kuhusu picha zenu za treni ya SGR, ile reli yetu mpya ya kisasa. Tangu ile treni ya umeme yenye pua, mchongoko, ianze kubeba abiria mwaka 2024, picha zake nazikata na kuzibandika ukutani kibandani kwangu. Zote zimepigwa kwa mbele, na karibu zote zina waheshimiwa waliojipanga mstari mbele ya pua yenyewe, suti na vitenge, mmoja kashika mkasi. Kinachobaki kuonekana ni kioo cha dereva na paa kidogo. Sina ugomvi na waheshimiwa, ila wamesimama palepale ninapotaka kupima.

Napima kwa sababu treni hiyo naijenga, mimi na watoto wa majirani wanaojaa kibandani jioni wakitoka shule. Kuna mama wa mitumba hapa sokoni ambaye akifungua belo la midoli huniwekea matofali ya plastiki ya kuchezea, yale ya kubananisha. Yanakuja Lego halisi na ya kuigiza yakiwa yamechanganyika. Ya kuigiza watoto wameshajua kuyatenga kwa kidole tu: hayabani sawasawa, ukiinua behewa linakatika katikati na kumwagika sakafuni. Rangi tumesamehe. Ubavu mmoja ni mwekundu, wa pili njano na kijani, na hakuna anayelalamika.

Vipimo ndivyo hatusamehe. Magurudumu ya treni ya Lego yanataka reli zilizoachana kama milimita 38. Geji ya SGR, yaani nafasi kati ya reli mbili, ni milimita 1,435. Ukigawa, unapata kwamba treni yetu ni ndogo mara 38 kuliko ile ya kweli, na kila mita moja ya kule ni milimita 26 za huku. Hesabu hiyo kaifanya binti wa darasa la sita kwa kalamu ya risasi juu ya boksi la chaja. Reli zenyewe ni mabaki ya aluminiamu kutoka kwa fundi madirisha, tumezigongelea kwenye ubao. Kwa hiyo geji tunayo. Najua pia kwamba seti moja ya mchongoko ina mabehewa manane, imetengenezwa Korea Kusini na Hyundai Rotem, na mwendo wake ni kilomita 160 kwa saa. Lakini behewa moja lina urefu gani? Milango iko mingapi kila upande, na imekaa wapi? Pua inaanza kuinama kutoka mita ya ngapi? Picha ya mbele haijibu hata moja.

Pua ndiyo inayotutoa jasho. Tofali ni kitu cha pembe nne, na ukilipanga juu ya jingine unapata ngazi, hupati mchongoko. Dawa yake ni kulaza vipande ubavu, vile vinundu vya juu vitazame pembeni, halafu unafunika kwa vipande vyenye mteremko. Hapa waliobuni matofali haya waliona mbali. Kipande chembamba kina kimo cha milimita 3.2, kwa hiyo vitano vikipandana ni milimita 16, na upana wa vinundu viwili nao ni milimita 16 kamili. Ndiyo maana kilicholazwa na kilichosimama vinakutana bila kuacha mwanya. Kijana mmoja alipoligundua hilo mwenyewe, kwa kuvibananisha tu, alipiga kelele mpaka mteja akadhani simu yake imelipuka.

Kinachoniuma ni kwamba pua ya Wajapani naijua kuliko ya kwetu. Shinkansen, treni yao ya kasi, ya aina ya 500, iliyoanza kazi mwaka 1997 kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ina pua ya mita 15. Kwa kipimo chetu hiyo ni karibu sentimita 40, na tungeweza kuijenga kesho. Treni za kasi zilikuwa zikiingia kwenye handaki zinasukuma hewa mpaka inatoka upande wa pili kwa mshindo na kuwaamsha wenyeji. Mhandisi wao, Eiji Nakatsu, ambaye pia alikuwa mpenzi wa kutazama ndege, akaiga mdomo wa mdiria, ndege anayejitosa majini bila kurusha maji mengi. Nilipowaeleza watoto hawa hawakushangaa. Mdiria wanamwona pale Kibirizi akivua dagaa kila siku. Walichoshangaa ni kwamba Mjapani naye alikuwa na reli nyembamba, ya milimita 1,067, akaamua kujenga njia mpya ya milimita 1,435 pembeni, na mwaka 1964 akaanza kukimbia.

Mzee mmoja jirani aliniambia hii ni michezo ya watoto wa Ulaya. Nikamwuliza meli yetu ya Liemba ilifikaje Kigoma. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa meli na treni, ikaunganishwa upya hapahapa ziwani. Alicheka, akakaa, na sasa ndiye mwenye kazi ya kutafuta magurudumu kwenye belo.

Mkataba wa reli ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni yenyewe itafika siku yake. Kwa sasa mtu wa Kigoma anayetaka kuijua inamlazimu aende Dodoma, na nauli ya kuwapeleka watoto wote hawa kwenda kutazama behewa sina. Mpigapicha wenu yuko karibu nayo kila wiki. Asimame mbali kidogo, ng'ambo ya jukwaa, apige behewa moja zima kutoka kiungo hadi kiungo, magurudumu yaonekane, kisha apige pua kwa ubavu. Ukurasa wa ndani unatosha, hata bila rangi. Na kama picha haiwezi kutoka bila mheshimiwa, basi mwambieni asimame mlangoni, wima, bila kofia, na chini yake muandike urefu wake. Tutamtumia kama rula.

Fundi Simu,
Mwanga, Kigoma.