Waliokataa kupakia mabomu hawakuwa waoga

Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu mabaharia wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mmewagusia watu wa Port Chicago kwa mstari mmoja tu, kwamba "waligoma kwa woga". Nimekuwa kuli miaka 31, na neno hilo limenichoma.

Usiku wa tarehe 17 Julai 1944, gati ya Port Chicago, California, ambako jeshi la majini la Marekani lilipakia mabomu melini, ililipuka pamoja na meli mbili, E. A. Bryan na Quinault Victory. Walikufa watu 320, na 202 kati yao walikuwa Wamarekani weusi. Weusi ndio waliopangiwa kubeba, maofisa wao wote weupe. Hakuna aliyewafundisha kushika mabomu. Zamu zilishindanishwa, tani zikiandikwa ubaoni, na maofisa wakaweka hata dau.

Mashindano hayo nayajua. Nyapara akishapaza sauti "Haya, haya!", wa winchi hangoji tena ishara. Siku moja slingi ya masanduku ya chai ilifyatuka juu ya vichwa vyetu, ikapasukia ndani ya tumbo la meli. Nilihisi upepo wake shingoni. Tukafagia majani ya chai hadi magharibi, na nilipofika nyumbani mikono ilikuwa ingali ikitetemeka. Ile ilikuwa chai, Mhariri.

Manusura wale waliokota viungo vya wenzao. Maofisa weupe walipewa likizo ya siku 30, wao wakanyimwa. Kabla mwezi haujaisha wakaamriwa kupakia tena mabomu, safari hii Mare Island, kituo kingine cha jeshi la majini huko California, kwa mtindo uleule. Watu 258 wakakataa, wakarundikwa ndani ya tishali siku tatu. Wakatishiwa kifo. Hamsini walishtakiwa kwa uasi, wakahukumiwa vifungo vya kuanzia miaka 8 hadi 15. Wakili Thurgood Marshall alikwenda kuifuatilia kesi yao na kuwapigania. Wengi walitoka Januari 1946, lakini hatia ikabaki kwenye majina yao mpaka tarehe 17 Julai 2024, serikali ya Marekani ilipowasafisha wote. Miaka 80! Wengi walikuwa kaburini.

Mwoga angekubali kupakia huku akiomba Mungu, kama nilivyofanya mimi asubuhi ya pili yake. Naomba mlisahihishe neno hilo, na safari hii mwandike kwamba weusi waliokufa pale gatini walikuwa 202.

Kuli mstaafu,
Kisauni