Kadi ya Tatu

Nakuru,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Ochieng',

Salamu nyingi kutoka huku chini ya Menengai. Mvua imekataa kuja, nyasi zimegeuka rangi ya ugoro, na mpira ukidondoka unakimbia kama umetupwa kwenye lami. Mama watoto anakusalimu na anauliza omena alizokuagiza zimefika wapi.

Ujumbe wako niliusoma kwenye matatu, nikausoma tena nyumbani, kisha nikauacha kwanza nisije nikakujibu kwa hasira. Unasema umejitoa kwenye timu ya gofu ya klabu yenu. Siku mbili mfululizo umecheza mashimo yote 18, umetembea na jua la Kisumu kichwani, na jioni kapteni amehesabu kadi za mikwaju za wenzako wawili waliopiga michache kuliko wewe, na yako akaiweka kando. Kisha ukaandika, "Mimi ni wa kujaza nafasi tu." Neno hilo limenikwama kooni wiki nzima.

Ochieng', mtindo huo kapteni wako hakuubuni. Ndio wa Kombe la Eisenhower, ubingwa wa dunia wa timu za wachezaji wa ridhaa. Lilianza mwaka 1958 katika uwanja wa Old Course, St Andrews, kule Uskoti. Enzi hizo kila nchi ilipeleka wanaume wanne, na kila siku kadi tatu bora zilihesabiwa, kwa siku nne, mashimo 72. Australia na Marekani walimaliza wakiwa sare, mikwaju 918 kwa 918, ikabidi warudiane kwa mashimo 18 zaidi. Australia ikapata 222, Marekani 224. Hebu fikiria, baada ya siku zote hizo, mikwaju miwili! Tangu 2002 timu ni ya watu watatu na wanaohesabiwa ni wawili, kama mnavyocheza ninyi. Wanawake wana kombe lao, Espirito Santo, lililoanza 1964 karibu na Paris, na wao walikuwa watatu kwa wawili tangu mwanzo.

Sasa hapa nakuomba usome polepole. Mwaka 2022 kombe hilo la wanawake lilirudi Ufaransa. Baada ya siku nne Uswidi na Marekani walikuwa wamefungana, mikwaju 559 kila upande. Hawakurudiana. Kanuni inasema timu zikilingana kileleni, ichukuliwe ile kadi ya siku ya mwisho ambayo haikuhesabiwa, kadi ya yule wa tatu, zilinganishwe. Zikalinganishwa, na Uswidi wakachukua ubingwa wa dunia. Kadi iliyokuwa imewekwa kando, Ochieng'! Niliposoma habari hiyo nilikuwa peke yangu sebuleni, nikasimama. Nilikufikiria wewe papo hapo, kabla hata hujaniandikia haya.

Kwa hiyo yule wa tatu hana ruhusa ya kulegea. Akishaona wenzake wamemtangulia kwa mikwaju sita, bado mpira wa shimo la mwisho lazima ausukume kama vile kombe limewekwa ndani ya kile kitundu. Hajui. Hakuna anayejua mpaka kadi zote zitiwe sahihi.

Halafu kuna jambo lingine, na hili nililiona kwa macho yangu. Unakumbuka ile Jumamosi nilipokubebea mfuko hapa Nakuru? Ulianza wa kwanza asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka. Hukufanya maajabu yoyote. Ulipiga katikati, ukatua katikati, ukaepuka mchanga, ukarudi na 77. Ukaenda kuoga. Mimi nilibaki nje, nikawafuata wenzako kwa miguu, kwa hiyo niliona usichokiona. Yule mwenzenu askari alikuwa amezibwa na miti, mpira umelala kwenye majani makavu. Mtu mwenye busara angeutoa pembeni, apoteze mkwaju mmoja, aendelee. Yeye alimuuliza kedi wake, mbeba mfuko, "Ochieng' amerudi na ngapi?" Akaambiwa sabini na saba. Akanyamaza kidogo, akachukua fimbo ndefu ya chuma, akaupitisha mpira kati ya matawi mpaka karibu na bendera. Jioni alikuwa na 71, watu wakampigia makofi, na kadi yako ikawekwa kando.

Lakini bila kadi yako asingethubutu. Mpira ule ungegonga mti, angeharibu siku yake, na sababu pekee iliyofanya kuharibu huko kusiwe msiba ni kwamba 77 yako ilikuwa imeshakaa mezani. Wewe ulikuwa unaoga.

Na timu ya wawili watupu, mmoja akiugua tumbo usiku au akisahau kutia sahihi kadi yake, siku yote imekwenda na maji. Wenzako walicheza bila hofu hiyo, na hofu hiyo wewe ndiye uliyewaondolea.

Mahali pamoja nakuunga mkono bila kusita: kwamba siku ya zawadi walisoma majina mawili tu. Hilo ni kosa, na nimeumia kwa niaba yako. Ni tabia ya zamani pia. Mwaka 1960, kwenye uwanja wa Merion, Marekani walishinda Kombe la Eisenhower kwa mikwaju 42 mbele ya waliowafuata. Kila mchezaji gofu anamjua Jack Nicklaus, wakati huo kijana wa miaka 20, aliyepiga 269 kwa siku nne. Waulize wazee wa klabuni wale wengine walikuwa nani. Walikuwa Deane Beman, Bob Gardner na William Hyndman. Nimeyaandika hapa kwa makusudi, kwa sababu mchezo wa timu majina yasomwe yote. Mwambie kapteni hivyo hivyo, uso kwa uso, kwa heshima. Ni mtu mwelewa, nadhani hajawahi tu kuambiwa.

Ila kumwambia ukiwa nje ya timu hakutafika popote. Ukiwa ndani atasikia.

Umenieleza kwamba majina ya mechi ya huku yanapelekwa Alhamisi. Basi mpigie Jumatano, usingoje akutafute. Mwambie utacheza, na umwombe akupange wa kwanza asubuhi kama siku ile, maana hapo ndipo unapofaa kuliko wenzako wote. Upepo wa huku siku hizi unaanza saa nne, ukiyapita mashimo tisa ya mwanzo kabla ya hapo utakuwa salama.

Kitanda kipo, usilipe hoteli. Panda matatu ya mchana kupitia Kericho, nitakupokea stendi. Mfuko nitabeba mimi, na safari hii ukimaliza usiende kuoga. Tutembee pamoja hadi miti ile, nikuonyeshe mpira ulikuwa umelala wapi.

Omena usisahau.

Ndugu yako,
Kamau