Kabla ya kulinganisha alama za bolingi, ulizeni mafuta

Mhariri,

Msomaji wenu wa Nairobi aliyeandika kwamba njia za bolingi za kwao, zile ndefu za kuviringishia tufe ili kuangusha pini, ni ngumu kuliko za Marekani, ati kwa kuwa yeye hupata alama 140 na binamu yake aliye huku Wisconsin hupata 190, alinichekesha kwanza, kisha akanikera. Mimi ni mwanamke wa Tanga, kazi yangu ni kutunza wazee hapa Milwaukee, na jioni ya Alhamisi hunipati nyumbani: niko kwenye ligi. Naomba nafasi nimjibu, kwa heshima zote.

Ukitumia futikamba, njia hazina uraia. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na ushei, na upana ni mbao nyembamba 39, halisi au za kuchorwa, zilizopangwa ubavu kwa ubavu, iwe Village Market ya huko Nairobi au huku kwetu. Kinachotofautiana ni mafuta, nayo kwa kawaida huyaoni. Njia hupakwa mafuta kwa mashine kuanzia karibu na mstari hadi futi 40 hivi, na kipande cha mwisho huachwa kikavu. Zamani yalipakwa ili mbao zisichubuke. Siku hizi ndiyo yanayoamua mchezo. Tufe likiwa kwenye mafuta huteleza tu. Likifika pakavu hukamata na kupinda, kama gari linapotoka kwenye tope na kupanda lami.

Ukumbi ninaochezea Alhamisi hurundika mafuta katikati na kupaka kiduchu pembeni. Hapo hata ukikosea unasamehewa. Ukirusha nje kidogo, pakavu panalirudisha tufe kwenye pini; ukirusha ndani kidogo, mafuta yanalizuia lisipinde kupita kiasi. Wenye ukumbi wanajua wanachokifanya, maana mteja aliyeangusha pini hurudi wiki ijayo na watoto wake. Kumbi nyingi za biashara hupaka hivyo, na sioni ubaya. Lakini 190 ya hapo isimtishe mtu.

Upande wa kusini wa mji kuna ukumbi mwingine, mkongwe, njia zake bado ni za mbao halisi. Mafuta hupakwa mapema, watu wanacheza mchana kutwa, na ikifika jioni yameshanyonywa na matufe na kusukumwa mbele kwenye sehemu iliyotakiwa kuwa kavu. Hapo ndipo utakapoona maajabu: njia moja inapindisha mapema mno, na jirani yake haitaki kupindisha kabisa, na mchezo wenyewe unakutaka urushe kwa zamu kwenye zote mbili! Wenye matufe ghali ya rezini ndio wanaolalamika zaidi, kwa sababu yale yakigusa pakavu hushika kwa nguvu. Mimi huchukua tufe langu la plastiki lisilo na makuu, narusha karibu moja kwa moja. 150 ya hapo naionea fahari kuliko 190 ya Alhamisi.

Na hizo bado ni kumbi za mtaani. Kwenye mashindano ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, baadhi ya mipangilio ya mafuta, yaani namna yanavyopakwa, ina majina ya wanyama. Uliozoeleka kuitwa Cheetah, yaani duma, ulikuwa mfupi, futi 35. Wachezaji wana hesabu yao: chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31, unapata ubao ambao tufe liwe juu yake linapotoka kwenye mafuta. Kwa Cheetah unabaki na ubao wa nne kutoka ukingoni, yaani karibu kabisa na mfereji wa pembeni ambamo tufe hupotelea. Jaribu hapo na mkono unaotetemeka! Mipangilio ya kimashindano huyasambaza mafuta kwa usawa zaidi kutoka kati hadi pembeni, kwa hiyo ni vigumu kupata wa kukurudishia kosa lako. USBC, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, kina hata jedwali la kurekebisha wastani wa alama za waliocheza katika ligi za namna hiyo, ili wasionewe wanapokutana na sisi wa njia za huruma. Kama Wamarekani wenyewe hawalinganishi alama za mtaa na mtaa bila kurekebisha, sisi tunalinganishaje Nairobi na Wisconsin kwa namba mbili?

Huyo binamu naye simjui, ila akitaka kujipima amwalike huyo msomaji wenu wa Nairobi, waende Holler House, baa ya hapa hapa Milwaukee, yenye njia mbili tu za mbao huko chini ya jengo, za tangu 1908, ambako pini zimekuwa zikisimamishwa na vijana kwa mikono. Wakirushia pale wote wawili, siku moja, njia moja, basi wabishane wanavyotaka.

Kwa sasa namwomba msomaji wetu afanye jambo dogo. Akienda tena, amtafute fundi wa mashine, siyo kijana wa kukodisha viatu, amuulize mafuta yamepakwa saa ngapi, yanafika futi ngapi, na pembeni yamepakwa kiasi gani ukilinganisha na katikati. Nanyi mkichapa alama za mtu, chapeni na majibu hayo. Akiyaleta humu gazetini, nami nitaleta ya ukumbi wangu wa Alhamisi.

Mama wa Tanga,
Milwaukee, Wisconsin