Livikeni tela gagulo, jiko litoeni nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mstaafu wa reli, nakaa Ng'ambo hapa Tabora, na ninaandika kwa sababu mwezi wa sita nusura tumzike mjukuu wangu na wenzake watatu.

Vijana hawa wanafuga nyuki msituni, upande wa Sikonge. Miaka yote walilala kwenye kibanda cha miti na nyasi. Mwaka huu wakachangishana, wakanunua tela kuukuu, wakalipeleka kwa fundi wa kuchomelea (simtaji, ana watoto wa kulisha), naye akalijengea chumba cha bati juu: vitanda vinne, dirisha moja, mlango wa komeo. Kwa macho ni kitu kizuri. Trekta likalivuta hadi kambini, wakalikalisha juu ya matofali, wakahamia. Usiku wa tatu baridi ikawashinda. Wakaingiza jiko la mkaa, wakafunga dirisha na mlango, na pale chini ya mlango wakaziba kwa gunia.

Asubuhi mmoja wao aliitwa, hakuitika. Waliobaki vichwa vinagonga, wanatapika. Unajua walifanya nini, Mhariri? Wakatafuta dawa ya mseto, wakidhani ni malaria. Kilichomwokoa yule kijana ni kwamba chumba kilikuwa kinanuka matapishi, wakambeba kwenda kumlaza nje kwenye mkeka. Akapigwa na hewa, akazinduka. Hospitalini ndipo walipoelezwa kuwa ni hewa ya mkaa. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na damu huikumbatia zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikumbatia oksijeni. Wenyewe walijitetea kwamba mkaa ulikuwa umeshakolea, hautoi moshi tena. Mkaa uliokolea huitoa vilevile, na kwa kuwa hauonyeshi moshi, mtu hulala bila wasiwasi.

Habari ya jiko imeshasemwa sana redioni. Mimi nilikaa nikajiuliza jambo jingine: vijana wanne, kila mmoja na mablanketi mawili, ndani ya chumba kilichofungwa, walitetemekaje hapa Tabora? Watu wa Makete watanicheka nikiita yetu baridi, kwa kuwa wao huamka wakakuta majani yamefunikwa na sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Lakini Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, vipimo hushuka hadi nyuzi 15, na siku nyingine chini ya hapo. Ukiongeza upepo wa mashariki, mtu aliyelala juu ya bati atajua habari yake.

Nikapanda bodaboda nikaenda kuliona hilo tela. Sikuhangaika na kuta. Nililala kifudifudi kwenye majani nikachungulia uvungu. Kutoka ardhini hadi sakafuni palikuwa wazi karibu nusu mita, upepo unapita kama uko barabarani. Sakafu ni bati tupu. Fundi alikuwa ametoboa matundu matatu ya kupitishia nyaya, kila moja linaingia kidole gumba, hakuyaziba. Nikaingia ndani, nikawasha njiti ya kiberiti juu ya tundu moja. Moto ukalala ubavu, kisha ukazimika. Nikawaambia, "Wajukuu zangu, ninyi mnalala juu ya feni."

Hili nililijua tangu 1981. Nilikuwa kijana wa gengi, tukikarabati njia kati ya Usinge na Malagarasi, na kambi yetu ilikuwa behewa kuukuu lililoegeshwa kwenye njia ya pembeni. Sakafu yake ilikuwa ya chuma, mbao za juu zimeng'oka nusu. Ule ni ukanda wa mabwawa, alfajiri ukungu unatembea hadi kwenye bogi. Nililala juu ya godoro la sufi, blanketi la shirika juu, na bado nikawa naamka saa nane ubavu wa chini umekufa ganzi huku wa juu una jasho. Mnyapara wetu, mzee Muha mwenye maneno machache, akaniuliza kama nimewahi kuona kuku akiatamia mayai kwenye uchaga. Sikumwelewa. Jioni akatoa turubai lililochakaa, akalifunga kwa waya pembeni mwa behewa kuanzia usawa wa sakafu, likaning'inia hadi chini, kisha akatuamuru tuukandamize upindo wake kwa kokoto. Alipomaliza akaniambia nipitishe mkono chini. Nje upepo ulikuwa unapeperusha shati langu. Mle ndani mkono wangu ulitulia kabisa, na nilihisi vuguvugu la kokoto zilizoshinda juani.

Siri yenyewe ni hewa iliyotulia. Blanketi halina moto, limebeba hewa isiyotembea. Ukililalia linabanwa, hewa inatoka, na ndiyo maana kutandika blanketi la tatu chini yako hakusaidii kama unavyotegemea. Godoro nalo likishabonyea limekwisha. Chini yake kuna chuma, ambacho hupitisha joto mamia ya mara kuliko mbao, na chini ya chuma kuna upepo unaolichukua joto hilo usiku kucha. Ukiufunga uvungu, upepo unakoma, na ardhi, ambayo alfajiri huwa na joto kuliko hewa, inakuwa upande wako. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hahitaji kufundishwa haya. Anajua bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, likiwa na upenyo linavyokula kuni.

Nina mtoto wa dada yangu anayeendesha malori Alberta, Kanada. Kodi za nyumba zilimshinda, akanunua nyumba ya tela, zile wanazoziita kempa, akaiegesha karibu na Edmonton. Kule nyuzi hushuka hadi 30 chini ya sifuri na kupita. Majira ya baridi ya kwanza bomba lake la maji lilipasuka, maana maji yakiganda hutanuka karibu sehemu moja ya kumi, na bomba lililokuwa uvunguni ndilo lililoganda kwanza. Mwaka uliofuata akanionyesha kwa simu: amezungushia tela lake fremu ya mbao, na juu ya fremu mabamba ya povu gumu, unene wa inchi mbili, yasiyonyonya maji, viungo vyote vimezibwa kwa utepe. Chini ametandaza nailoni ili unyevu wa ardhi usipande. Bomba amelizungushia waya wa umeme wa kulipasha moto. Theluji ilipoanguka akaipiga koleo na kuirundika ukutani kwa nje, eti nayo inazuia baridi. Nilicheka nikamwambia, "Mwanangu, umelivalisha tela gagulo!" Akaniambia huko nao huliita hivyohivyo, sketi. Jirani yake alitumia marobota ya majani makavu. Yalizuia upepo vizuri, ila panya walihamia humo na familia zao.

Hapo ndipo uige lakini ukumbuke uko wapi. Majani makavu uvunguni kwa sisi wa miombo ni karamu ya mchwa. Panya nao wakija, swila atawafuata, na moto wa kichaa wa mwezi wa nane hauhitaji mwaliko. Povu gumu sikuliona madukani hapa. Nikaenda kwenye mashine ya mpunga, nikapewa pumba bure, mradi nibebe mwenyewe. Pumba za mpunga zina silika nyingi, hazishiki moto haraka na mchwa hawazishobokei, na kila punje imefungia hewa ndani. Cha muhimu zibaki kavu.

Kazi ilituchukua siku mbili. Kwanza matundu: tuliyaziba kwa vitambaa vilivyolowekwa kwenye nta ya nyuki, maana hiyo hawakuikosa. Kisha nailoni juu ya bati, vipande vya mbao za mbili kwa mbili vikapigiliwa fremu, katikati tukajaza pumba, juu plaiwudi. Mwisho gagulo. Turubai tulilifunga kwa waya kuzunguka tela zima, upindo tukautandaza nje na kuukandamiza kwa mawe na udongo. Hakuna msumari, kwa sababu tela hufuata maua, na wakihama wanalikunja. Upande usio na upepo tuliacha sehemu ya kufunua, wapige tochi kila jioni kabla ya kulala kuona nani kaingia.

Mjukuu akafurahi mno, akataka na lile dirisha tulifunge kabisa. Nilimkatalia. Watu wanne wakipumua usiku kucha, bati la juu hutona kama mtungi, tena uzima ni hewa. Dirisha libaki wazi upana wa kiganja. Kuna na kosa jingine nililolizuia pale pale: jenereta lao dogo walitaka kulisogeza uvunguni, ndani ya gagulo, lisiibiwe. Moshi wa jenereta ukifungiwa chini ya sakafu utatafuta tundu la kupandia, na tutarudi kulekule kwenye mkeka. Nikawalazimisha walifunge kwa mnyororo kwenye mninga, hatua ishirini kutoka kitandani.

Ombi langu kwenu wa magazeti: kila mwezi wa sita mnaandika habari za watu waliokufa kwa jiko kwenye vyumba vilivyofungwa, mnamalizia kwa kusema wananchi wachukue tahadhari. Mwananchi anayetetemeka saa tisa usiku hachukui tahadhari, anachukua jiko. Andikeni na jinsi ya kuzuia baridi. Vibanda vya walinzi vilivyoinuliwa juu ya matofali, makontena wanamolala mafundi wa reli mpya ya kwenda Kigoma, mabasi mabovu yaliyogeuzwa vyumba, vyote vina uvungu.

Mjukuu alinipigia juzi. Anasema anatumia blanketi moja, la pili amelifanya mto. Nimefurahi, lakini nimemkumbusha kwamba turubai ni langu, na nalitaka kabla mvua hazijaanza, maana ndilo ninalofunikia kuni.

Mstaafu wa gengi,
Ng'ambo, Tabora